Waliobeba Mawe ya Pango

Mama alijifungua mtoto asiyelia wala kupumua, tukiwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Kwa desturi yetu ya zamani, mwanamke aliyepatwa na msiba kama huo alitengwa: hachoti maji na wenzake, hakatizi shamba la mtu, hapewi mkono. Kule Nambis tulikotoka, nyumba zilikuwa mbali mbali na mtu aliweza kulia kwake. Hapa mama akifungua mlango tu, jirani anafunga wake.

Alitaka jambo moja: kumwombea mtoto wake siku ya hija. Kituo chenyewe kilikuwa kilimani, pango la Bikira Maria walilojenga mapadre wa Kizungu kabla mama hajazaliwa. Mpaka leo nalivulia kofia pango lile. Mawe yamekaa juu ya mawe, saruji kidogo tu, na mvua zote za Mbulu hazijalitikisa.

Tulipanda watatu, bibi mbele, mama na mimi nyuma yake. Katekista, mtu mzima mwenye mvi, alitusimamisha pale pale pangoni.

“Shikamoo, bibi. Wewe pita, na mtoto apite. Huyu mama arudi. Watu wakimwona, hija imeharibika.”

Nilimchukia kwa moyo wangu wote wa darasa la tano.

“Marahaba,” bibi alijibu. “Haya mawe waliyabeba akina nani?”

“Si mapadre na Wakristo wa kwanza?”

Bibi akacheka. Ulikuwa wakati wa palizi, alisema, watu wote wako shambani. Padre akaona wanawake wamekaa tu porini kando ya njia, akawaita wabebe mawe. Mgeni yule hakujua kwa nini wamekaa.

“Na sisi hatukumwambia. Tulikuwa tumetengwa, sote. Tulifurahi kuitwa.”

Bibi akanyoosha kidole kwenye msingi wa pango.

“Lile kubwa la chini, unalopigia magoti kila Jumapili, alilibeba mama yako. Alikuwa ametoka kumzika dada yako.”

Katekista aliinama, akaligusa jiwe lile. Mahujaji waliokuwa nyuma yetu walikuwa wameacha kuimba, na mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha mama kwa nguvu, nikijua sasa tutafukuzwa.

Katekista akavua kofia, akamfuata mama alipokuwa amesimama, akampa mkono.

“Pole, mama,” akasema. “Pita.”