Siku Koki Alipovua Ovaroli

Na itangazwe kwa viumbe wote, wenye mapezi na wasio na mapezi: kuanzia leo kiwanda cha rangi kinaacha kumwaga taka zake baharini! Meneja aliyatamka hayo akiwa juu ya kreti pale gatini, na wafanyakazi wakapiga makofi kwa kuwa ndicho walichoitiwa.

Aliyepiga kwa moyo alikuwa mmoja tu, yule waliyemwita Koki. Miaka kumi na tisa kazi yake ni ileile. Tishari likishavutwa mbali hadi nchi kavu haionekani, anapiga magoti, anazungusha gurudumu la koki, na maji mazito ya kiwandani, leo zambarau, kesho njano, yanaporomoka baharini. Kisha anarudi nyumbani na harufu. Alishajaribu sabuni ya mche, ndimu, hadi mafuta ya taa, ikazidi kunoga. Mkewe akamgawia mlango wake peke yake, wa nyuma, na godoro ukumbini. Hayo aliyazoea. Lililomshinda ni la mjukuu, kachanga ka miezi minne: babu akisogea tu, kanakohoa hadi macho yanatoka.

"Baba, nisamehe," binti yake alimwambia. "Utampakata ukiacha hiyo kazi."

"Nitaiacha lini, mwanangu?"

"Kamuulize meneja wako, mimi nitajuaje?"

Basi leo meneja kajibu bila kuulizwa. Koki akavua ovaroli palepale, akaitupa kwenye pipa, akabaki na bukta.

"We mzee, tuhurumie macho yetu!" fundi winchi akapiga kelele.

"Fumba. Mimi naenda kuoga, nina mjukuu wa kupakata."

"...kwa awamu," meneja akamalizia.

Mwaka huu safari zitapungua, kutoka sita kwa wiki hadi tano. Mwakani nne. Hivyo hivyo hadi ziishe, mtambo wa kusafishia ukiwahi kufika. Na kwa kuwa taka zenyewe hazijaambiwa zipungue, tishari litajazwa zaidi kidogo.

Koki akahesabu kwa vidole. Safari ya mwisho itamkuta mjukuu anakimbia na mkoba wa shule mgongoni, hapakatiki tena. Akainama kwenye pipa.

Meneja akashuka kutoka kwenye kreti, mikono kaikunjua. "Mzee wetu! Umeishuhudia historia kwa macho yako! Unasemaje?"

Koki alikuwa bado anatafuta tundu la mguu wa pili wa ovaroli.

"Jumatatu tunapakia saa ngapi?"