Hodi Kwenye Kioo

Leo nimefungua kopo la chakula cha samaki, na harufu yake ya dagaa waliosagwa imenirudisha sebuleni kwetu Katesh, mbele ya tangi la kioo ambalo baba alilileta kutoka Arusha, ndani yake samaki wanne wa rangi.

Bibi alikuja kutoka kijijini kwake, Gehandu, kuwaona. Aliinama, akagonga kioo kwa kidole.

"Hodi."

Wote wanne wakakimbilia nyuma ya kipande cha chungu.

"Mbona ni maji matupu?"

"Wamejificha, bibi. Ukigonga wanaogopa." Nilikuwa nimewachunguza wiki nzima. Kila mgeni aligonga, na hakuna mgeni aliyewaona.

"Niingie kwa watu bila hodi, kama mbuzi?"

Akagonga tena, kwa adabu zaidi. Niliumia, kwa sababu kijijini alikuwa ameshatangaza, kwa maneno ya wageni hao, kwamba mwanawe anafuga maji, nami nilitaka arudi na habari nyingine.

Mwishowe alichoka, akaketi kochini, mgongo kwenye tangi, akasinzia. Sebule ikatulia. Samaki mmoja akachungulia, akatoka, wenzake wakamfuata. Wakasogea mpaka kwenye kioo, karibu kabisa na kilemba cha bibi, kana kwamba wao ndio waliokuja kumtazama.

Ningemwita kwa sauti, wangekimbia. Nikamgusa goti polepole, nikamwonyesha nyuma yake.

Bibi akageuka taratibu. Kidole kikatangulia macho.

"Hodi," akasema, akagonga.