Slab ya kaburi la mke wangu ilipasuka mara mbili, nikajaribu kuijenga kama ganda la baharini

Wakuu, natumai mko salama. Nitasema yaliyonipata tu. Nisiyoyajua nitayaacha.

Mimi ni fundi wa slab hapa Kitengela, shule niliishia darasa la nane. Mke wangu Wambui tulimzika kwenye ploti yetu, na slab ya juu nilimwaga mwenyewe.

Wenye ploti huku mnajua black cotton, huu udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha inavimba, jua likiwaka inaachana. Slab ikakatika, ufa ukapita juu ya jina lake.

Nikamwaga ingine, nene, na vyuma ndani. Ikakatika pale pale.

Slab ya mteja ikipasuka, unamwomba msamaha na kurudia. Hii sikuwa na wa kumwomba.

Abdi, mwenye hardware ninakonunua simiti, akanionyesha video ya ganda la baharini, ile sehemu ya ndani inayong'aa. Kumbe ni vipande vyembamba sana vimepangwa kama matofali, na kati yao kuna gundi laini. Ufa ukiingia unazungushwa huku na huku mpaka unaisha nguvu.

Nikaenda Kajiado town kwa wakataji wa marble, nikaomba mabaki membamba. Nikayapanga tabaka juu ya tabaka kama lile ganda, nikayashika na simiti. Nikaijaribu kwa nyundo kabla ya kuipeleka kaburini: pigo moja, yote yakakatika kama biskuti. Kosa lilikuwa simiti: sisi mafundi tumezoea kila kiungo lazima kiwe kigumu, na ufa ukapita moja kwa moja.

Nikarudia. Safari hii nilitumia gundi ya tiles, ile inayovutika, nikaipaka nyembamba na kuweka kitambaa cha gunia katikati ya tabaka. Viungo vya tabaka la juu nikahakikisha havikutani na vya chini.

Kamau, kaka yake Wambui, alinikuta hapo.

"Shemeji, hii ni kaburi ama unapaka mkate siagi?" akacheka.

"Chukua nyundo upige."

Akapiga. Akapiga tena, sasa hacheki. Marble ya juu ilipasuka, za chini zikabaki nzima.

"Weka hii," akasema. "Huyo ni dada yangu."

Nikaiweka. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zimepita. Leo nimefagia pale na siwezi kuwadanganya, kuna ufa kwenye kona. Umeshuka tabaka mbili, ukageuka kando, ukaishia hapo. Jina liko zima.

Nilichojifunza ni kwamba nilipoteza muda kutafuta kitu kisichopasuka. Udongo huu haukubali; afadhali kitu kinachojua kuusimamisha ufa.

Kile sijui ni kama gundi ya tiles itavumilia jua la miaka mingi. Mwenye kujua aniambie, hata kama ni habari mbaya. Ikibidi kuitoa nianze upya, nitaanza.