Upande Aliosimama

Kwa miaka ishirini na sita watu wa ghala la miamba walimwita Mzee Tabaka, na jina likamkaa. Mashine ilipotoboa bonde la kale, vipande virefu vya mwamba, vinene kama mkono wa mtu, vililetwa kwake. Alivipanga sandukuni kama maandishi kitabuni: cha juu kushoto, cha chini kulia. Hakuna aliyemhakiki. Kumhakiki yeye kulionekana ni kukosa adabu.

Asubuhi hiyo majibu ya maabara yakaja. Sanduku la arobaini na moja lilikuwa na mikanda miwili ya majivu ya volkano, na ule wa chini, uliopaswa kuwa mkongwe zaidi, ulitoka mdogo kuliko ule wa juu kwa miaka laki mbili. Mtoto kamtangulia mama yake kuzaliwa, wenzake wakatania. Mkuu wa ramani hakucheka. Alimwita binti aliyechukua sampuli, aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi, aje saa nne aeleze alivyozichanganya.

Mzee Tabaka alikwenda ghalani. Alilifungua sanduku, akashika kioo cha kukuzia. Furiko huacha changarawe chini kwanza, kisha mchanga, kisha tope laini. Hapa changarawe ilikaa juu. Akasoma tarehe ya kupangwa iliyoandikwa sandukuni: ndiyo siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake mzazi ameaga dunia. Alikuwa akizungumza huku anaizunguka meza, akarudi kazini akiwa amesimama upande wa pili, kushoto kukawa kulia.

Angeweza kunyamaza. Alibakiza miezi miwili astaafu, na binti bado kijana, angepata kazi kwingine. Alijiambia hivyo mara tatu, kisha akalifunga sanduku. Saa nne kasoro dakika tano akapiga hodi ofisini kwa mkuu, kioo mkononi, binti akiwa ameshaketi ndani, macho mekundu.

"Huyu hakuchanganya kitu," alisema. "Sanduku nimelipanga mimi, kichwa chini miguu juu."

Mkuu alimgeukia. "Ni hilo moja tu, mzee?"

Siku ile alifanya kazi mpaka jioni. Na zile siku alizougua? Na zile alizotoka nyumbani amegombana na mkewe? Alitaka kuapa kwamba ni hilo tu, akashindwa.

"Sijui," alisema, na aibu ikamjaa usoni.

Ghalani kulikuwa na masanduku elfu mbili. Binti aliinuka, akakichukua kile kioo mkononi mwa mzee.

"Twende, mzee, tuanze na la kwanza. Wewe simama upande wako, mimi nitasimama ule mwingine."