Mapumziko Yangu ya Kukimbiza Ng'ombe

Hii maneno nawaambia leo tu halafu tuifunge, kwa sababu mpaka sasa nikipita sokoni nione machungwa yanaelea kwa beseni ya maji, mimi huvuka barabara niende upande ule mwingine hata kama nilikuwa nataka machungwa. Aibu ya watu wengine inazeeka pamoja na mwenyewe. Yangu imekataa kuzeeka, iko tu hapo, inang'aa kama imeoga asubuhi.

Miaka hiyo ya themanini na kitu nilikuwa mpishi wa chuo fulani cha walimu huko upande wa Nyamasaria, Kisumu. Kusoma mimi sikusoma, darasani nilikuwa naingia tu kubeba uji, lakini timu ya mpira ya chuo ilikuwa inaruhusu wafanyakazi, na kusema ukweli (mnajua mimi si mtu wa kujisifu) hakukuwa na mtu pale mwenye shuti kama yangu. Siku moja nilipiga mpira ukaenda juu, tukangoja, tukachoka, tukaleta mpira mwingine, tukamaliza gemu, tukaoga, ndio ule wa kwanza ukashuka.

Sasa kulikuwa na msichana anaitwa Atieno, wa Katito. Sisi wawili tulikuwa tumeelewana kabisa, shida ilikuwa baba yake. Yule jaduong', yaani mzee wa boma, aliposikia kazi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanaume anakoroga sufuria? Na binti yangu huko atafanya nini, ataenda kupigana vita?" Atieno akanitetea, akamwambia, "Baba, huyo ni namba tisa ya chuo." Hapo mzee akaachilia ukuta, maana mpira aliupenda karibu kama ng'ombe zake. Akasema Jumamosi ya fainali atakuja Kisumu aone kwa macho yake mwenyewe, na akiona mwanaume, nitume wazee wangu kwake tuongee mambo ya ndoa, lakini akiona mpishi, nirudi kwa sufuria yangu na binti yake nimsahau. Basi maisha yangu yote ikaning'inia kwa gemu moja.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Wafula, Mluhya mmoja mkali kama mchicha haijaiva. Alikuwa ametukimbiza kwa mchanga wa ziwa mpaka viboko wakaanza kutuhurumia. Halafu Alhamisi jioni, tukingoja atuue kabisa, akatuita akasema kitu ya ajabu.

"Kesho hakuna mazoezi. Hakuna kukimbia, hakuna kugusa mpira. Kula, kunywa maji, lala, miguu juu. Mwili unajijenga ukipumzika, na mtu nitakayemwona amechoka Jumamosi atakaa benchi. Odhis, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Kusikia najua umesikia. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. (Sikuwa nimeelewa. Mimi kupumzika nilikuwa naona ni ugonjwa ya watu wa ofisi.)

Ijumaa nikamaliza uji ya asubuhi, nikaomba ruhusa, nikalala chali kwa stoo, miguu juu ya gunia ya unga. Nikaangalia mabati. Mabati ikaniangalia. Nikaona hii kazi ni ngumu kuliko mchanga. Ndio nikakumbuka Atieno alikuwa ametuma neno kwamba kwao kuna msiba, babu mmoja wa ukoo, mzee sana, yaani alikuwa amekula chumvi mpaka dukani ikaisha, watamzika wiki ijayo lakini leo watu wanakusanyika. Nikajiambia, Odhis, nenda tu ukae na hao wakwe kidogo, mzee akuone uko na utu, jioni urudi ulale.

Hiyo tu. Uamuzi mdogo kama punje ya mtama.

Nikachukua baiskeli ya jikoni. Maana Mwalimu alikataza kukimbia, na baiskeli si kukimbia, baiskeli ni kukaa, tena kwa kiti, na kukaa ni kupumzika. Basi nikapumzika hivyo kutoka Nyamasaria mpaka Katito, jua kwa kichwa, upepo unanisukuma nyuma kama polisi, nikafika nimepumzika mpaka shati inatoka maji.

Wa kwanza kunipokea ni Ouma, kaka ya Atieno, jitu moja ya mdomo mkubwa.

"Ero! Orwa, shemeji yetu, amefika! Shika shoka, kuni bado mzima."

Nikapasua. (Kuni ni ya mikono, mpira ni ya miguu, hapo nilikuwa sijavunja sheria ya mtu.) Nilipomaliza nikapewa kiti na kikombe ya chai, nikasema sasa ndio napumzika ile ya kweli.

Lakini kwetu mzee mkubwa kama huyo akifa, wanaume wanatoa ng'ombe, wanakimbia nazo mpaka mtoni na filimbi na matawi na kelele, wanafukuza kifo itoke kwa boma, halafu wanarudi mbio vile vile. Tunaita tero buru. Nikiwa na chai yangu nikaona watu wanavua viatu, ng'ombe wanaanza kuruka, na Ouma akasimama katikati ya boma akapiga kelele:

"Omera, ndugu yangu, namba tisa amekaa na wamama? Kumbe huko chuoni mpira mnacheza mkiwa kwa viti?"

Watu wakacheka. Hata wamama wakacheka. Na kule karibu na zizi jaduong' mwenyewe ameegemea fimbo, hacheki, ananiangalia tu, vile mtu anaangalia ng'ombe ya kununua.

Nikaweka chai chini.

Yawa, nilikimbia! Nilipita wazee, nikapita vijana, nikapita ndama, nikapita ng'ombe, nikapita fahali ya mbele kabisa, mpaka mtu mmoja kando ya njia akauliza kama mimi ndio kile kifo kinafukuzwa. Tukafika mto, tukarudi, na mimi nilikuwa nimerudi na nimepiga duara mbili kwa boma wakati ng'ombe ya kwanza inaingia. Jaduong' akanishika mkono, mkono wa nguvu, akasema, "Kesho nitakuja mapema." Nikarudi Nyamasaria kwa baiskeli nikiimba.

Jumamosi niliamka, miguu ikabaki imelala. Nikaiambia twende, ikakataa. Nilishuka kitandani kama mtu anashusha kabati. Sasa nikafikiria: nikimwambia Mwalimu, nakaa benchi, na nikikaa benchi mbele ya yule mzee, Atieno amekwenda. Kwa hivyo lazima miguu ipone kabla ya saa nane, na mtu asijue.

Nilikuwa nimesikia misuli ikichoka unachua na kitu moto. Dawa ya kuchua sikuwa nayo, lakini mimi si mpishi? Nikachukua mafuta ya kupikia, nikasaga pilipili zile ndogo nyekundu zinazofanya mtu mzima aite mama yake, nikachanganya, nikapaka kuanzia kifundo cha mguu mpaka pale bukta inaanzia. Na bukta za enzi hiyo mnazikumbuka, fupi kama sala ya mtu ana njaa.

Tukiwa tunapasha mwili, Mwalimu Wafula akasimama karibu yangu, pua inacheza.

"Odhis, mbona unanukia kama chakula cha mchana?"

"Mwalimu, mimi ni mpishi."

Akaenda. Na hapo nikaona wageni wangu wamefika. Walikuwa wameunganisha gemu na safari ya kununua mbao ya jeneza mjini. Jaduong' huyo hapo, Ouma huyo hapo, na nyuma yao, sikutarajia kabisa, mama yake Atieno na wamama wengine wa ukoo. Jamani, kwetu mama mkwe si mtu wa mchezo. Humwangalii machoni, huli mbele yake, na mapaja yako yeye hana kazi nayo. Na walimu kwa heshima yao wakawapa benchi nzuri, mbele kabisa, hapo karibu na beseni kubwa ya maji iliyotiwa machungwa yetu ya hafu taimu.

Gemu ikaanza, na mwanzoni ile dawa ilifanya kazi. Miguu ikapata moto, nikakimbia, nikasema mimi ni daktari. Halafu nikatoka jasho. Sasa mafuta ya kupikia ikiyeyuka haina adabu, wewe unaikimbiza chini, yenyewe inapanda juu. Ikapanda, ikavuka mpaka wa bukta, ikaingia kwa nchi ya wenyewe.

Moto wa namna hiyo sijaona hata jikoni. Kusimama ilikuwa inachoma, kwa hivyo nikakimbia. Mpira ukanikuta njiani tu. Nikapita watu wanane (walikuwa watano, lakini mmoja nilimpita mara nne), uwanja wote ukasimama, "Odhis! Odhis!", na nikasikia sauti ya jaduong' juu ya zote: "Huyo ni wetu! Huyo ni wa kwangu!"

Goli ilikuwa kushoto. Mimi nikakata kulia. Nikaacha mpira pale kwa chaki, nikaruka mstari, nikaketi ndani ya beseni.

Ile baridi! Nikasema "Aaaah" kama mtu amefika mbinguni bila kuulizwa kitu. Nikashika bukta kwa mikono miwili, nikaivuta mbele, maji ipate nafasi ya kuingia vizuri. Ndio nikainua macho.

Mama mkwe. Karibu vile ningeweza kumpa chungwa.

Hakupiga kelele. Aligeuka polepole na benchi yake, akaupa uwanja mgongo, na wamama wote wa ukoo wakageuka pamoja naye, leso zote zikanitazama. Nikataka kuinuka nikimbie, na hapo ndio mto na ng'ombe na baiskeli zikakumbuka deni yao, mapaja yote mawili ikakaza kama kamba ya kufunga fahali. Nikakwama. Chungwa moja likaelea polepole mpaka kwa tumbo yangu likatulia.

Refa akaja mbio. "Wewe, unaoga?"

"Msimlaumu!" Ouma akasimama juu ya benchi, na uso imejaa fahari, mjinga yule. "Huyu jana alikimbiza ng'ombe zetu mpaka mtoni! Na kuni akapasua! Na alikuja na baiskeli!"

Mwalimu Wafula alikuwa amefika.

"Jana?"

"Mwalimu, nilikuwa nimekaa. Kwa baiskeli unakaa."

"Mtoeni," akasema. "Na hiyo beseni yake."

Wanaume wanne wakaninyanyua nikiwa ndani, magoti kwa kidevu, kama mtoto anapelekwa kubatizwa. Na ile aibu ikasaidia kitu kimoja tu: mabeki wa wale wengine walikuwa bado wanacheka wameshika magoti, winga yetu akaokota ule mpira, refa hakuwa amepiga filimbi, akafunga. Tukachukua kikombe kwa goli hiyo. Mpaka leo hakuna mtu amenishukuru.

Jaduong' alinikuta stoo, nimelala chali, miguu juu ya gunia ya unga, sasa nimeelewa Mwalimu alimaanisha nini.

"Kijana," akasema, "ile mbio ya jana, asante. Ile ya leo, tuseme mimi sikuona."

"Na mama, amesema nini?"

"Hajasema. Bado ameangalia upande ule mwingine."

Mbuzi moja ya kuomba msamaha ilibidi iende Katito kumgeuza mama, kabla hata ya hesabu ya ng'ombe za mahari kuanza. Ikaenda, ikapokelewa. Na mimi niliapa hapo kwa gunia, na kiapo nimeshika: mtu wa kazi yake akiniambia pumzika, sitafuti maana nyingine ya hiyo neno, nalala chini, baiskeli nafungia mbali, na wakinitania wakauliza kama mimi ni mwanaume nawaambia waulize tena Jumapili.

Matanga ilipoisha, tukapewa siku ya kwenda na wazee. Kabla hiyo siku ifike, Atieno akaniletea ujumbe kutoka kwa mama yake, neno la kwanza alilowahi kunitumia tangu beseni: amekubali, anakaribisha, lakini siku hiyo kijana avae suruali ndefu.

Nilivaa mbili.