Doti ya Ansbert

Ilitangazwa rasmi, kwa barua iliyobandikwa langoni mwa kiwanda cha nguo mwezi Machi 1993 na kupigwa mhuri mara mbili, kwamba kuanzia mwezi huo mishahara italipwa kwa khanga, kwa muda tu. Kwamba doti itahesabiwa sawasawa na fedha taslimu kwa matumizi yote ya mfanyakazi. Na kwamba katika zoezi hilo hakuna atakayepata hasara.

Ansbert, fundi wa mitambo ya kufumia, aliisoma mpaka mwisho. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, chumba kimoja Tandika, na ndugu ambao wote walikuwa Bukoba. Alijitwika mshahara wake begani akaenda nao nyumbani.

Haukupita mwezi Temeke ikazoea. Nazarali mwenye duka alipokea doti kwa sukari na sabuni. Kinyozi alipokea. Mwenye nyumba alipokea, akalalamikia rangi. Wote walikuwa na desturi moja: mtu analowesha kidole gumba kwa mate, anasugua pindo, anatazama kama khanga inachuja. Noti, hata ile chakavu kabisa, haikuwahi kudhalilishwa hivyo.

Mchana Ansbert alikula kwa Zuena, mjane wa Kizaramo aliyeuza wali karibu na lango la kiwanda. Mji mzima, ni yeye tu aliyemwuliza amelalaje.

"Mhaya wangu, mbona umenuna? Umeota senene nini?"

"Sijanuna."

"Basi ndo sura yako hiyo. Pole."

Maneno kama hayo Ansbert aliondoka nayo hadi chumbani, yakamfaa jioni nzima kama redio inavyowafaa wengine.

Alitaka kumwoa. Mshenga wa kumtuma hakuwa naye, na ulimi wake haukuzoea kazi hiyo. Lakini miaka ishirini ya kuishi Pwani ilikuwa imemfundisha kwamba mwanamume akimpa mwanamke doti ya khanga, hana haja ya kusema; khanga inasema. Katika mshahara wa Juni akachagua moja nyekundu, iliyoandikwa *Nyumba yangu yakungoja wewe*. Akailaza chini ya godoro siku nne ili inyooke.

Ijumaa alisubiri wenzake wamalize kula.

"Da Zuena, hii yako."

Zuena akafuta mikono, akaikunjua yote. Ansbert akatazama sufuria. Alipoinua macho, Zuena alikuwa ameshalowesha kidole gumba.

Akasugua pindo, akakitazama kidole.

"Haichuji," alisema. "Afadhali wewe. Wenzio wananiletea matambara, nikifika nayo sokoni natukanwa mie. Hii sahani kumi, kaka yangu, usije ukasema nimekudhulumu."

Ansbert akafungua mdomo. Wakati huohuo akatokea Didas wa ghalani, na doti yake kwapani.

"Da Zuena, kuna wali au umebaki ukoko?"

"Kwa khanga zenu zile, ukoko unakutosha."

Didas akacheka, akavuta kigoda.

"Sawa," alisema Ansbert.

Jumatatu Zuena alikuwa na gunia jipya la mchele, na ile nyekundu haikuonekana tena. Ansbert aliendelea kuja kila mchana. Alipoulizwa kama anaumwa, alijibu hapana. Sahani zilikuwa kumi kamili, za kujaa, na hakupunjwa hata moja.