Mawe Yaliyooshwa kwa Sabuni

Kilichonitoa Lubumbashi kurudi Nchelenge ni kosa langu mwenyewe. Safari ya kwanza nilikuwa nimeleta maabara mawe ya kale kutoka ufuko wa Ziwa Mweru, mawe yenye kaboni kidogo mno. Kaboni ipo nyepesi na ipo nzito. Viumbe hai hupendelea nyepesi, kwa hiyo ukipima uwiano wake unaweza kubahatisha kama kitu kiliwahi kuishi humo. Mashine ilionyesha nyepesi. Nikamtangazia mwalimu wangu, Mzee Kasongo, kwamba nimepata alama za uhai, naye akaanza kuandika makala kwa furaha. Baadaye nikapima kikombe cha mashine kikiwa kitupu, bila jiwe. Kikatoa jibu lile lile. Uhai nilioutangaza ulikuwa mafuta ya vidole vyangu.

Siku ya kwanza iliishia mpakani Kasumbalesa, kwenye foleni. Ya pili ilikuwa basi tu. Ya tatu tulipita Mwansabombwe nikiwa sihisi tena magoti, na jioni nikashuka Nchelenge kwa Mama Ngoie, mkimbizi kutoka Pweto, upande wetu wa mpaka, anayekausha samaki na kuwauza. Alinipokea safari ya kwanza pia.

Asubuhi ya siku ya nne nilienda peke yangu kwenye miamba iliyo upande wa njia ya Mununga. Nilivaa glavu, nikavunja mawe, nikayafunga kwa karatasi ya alumini niliyoichoma kwenye tanuri ili isibaki na mafuta. Nilirudi alasiri, nikaweka mfuko pembeni, nikalala na viatu.

Kulipokucha nilikuta mawe yangu yote juu ya mkeka, yanameta, kando ya moshi wa samaki.

"Mama, nani amefungua?"

"Ni miye," alisema Mama Ngoie. "Niliwaza ni chakula, nikasema itaoza. Nafungula, nakuta mabwe ya matope. Nikaiosha muzuri na sabuni."

Nilikaa chini. Sikuweza hata kukasirika. Nilimweleza yote: kikombe kitupu, furaha ya mzee, aibu yangu. Alinisikiliza huku mikono yake ikinuka samaki, kisha akaitazama mikono hiyo.

"Bon," alisema. "Tuende wote. Lakini sitagusa kitu."

Tulitembea polepole, mimi nikiwa na malengelenge, yeye na umri wake. Kwenye miamba alisimama mbali, upande ambao upepo haukumpitia kuja kwangu, bila kuambiwa. Nilipomaliza kufunga mawe mapya aliuliza kutoka kule kule:

"Sasa utajua namna gani ile ya dibwe na ile ya mwili yako?"

"Nitapima kwanza kisicho na jiwe, Mama. Mara nyingi."

"Ulikuwa haukufanya vile mara ya kwanza?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka ya kufurahi."

Safari ya kurudi sina mengi ya kuisimulia. Nilipakata mfuko mapajani hadi Lubumbashi, na kila aliyetaka kunisaidia kuubeba nilimkatalia, wakaniona mwenye roho mbaya.

Maabarani nilipima vikombe vitupu kwa siku nyingi kabla ya kugusa jiwe. Mwishowe mawe yote yalikuwa sawa na kikombe kitupu, isipokuwa moja, lililokuwa na kaboni nyepesi kidogo zaidi. Nilimpelekea Mzee Kasongo matokeo. Alisoma, akavua miwani, akachana kurasa alizokwisha kuandika, taratibu, moja baada ya nyingine. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilichojifunza ndicho hicho: upime uchafu wako kabla hujalisemea jiwe.

Jumapili Mama Ngoie alinipigia simu.

"Mutoto yangu, mu mabwe muko nini?"

"Katika moja mna kitu kidogo, Mama. Sijui ni nini."

"Ulitembea ile njia yote juu ya kusema haujue?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni muzuri," alisema. "Mbele, mara ya kwanza, ulikuwa unasema uwongo."